Mwalimu wa Historia na Pango la Ng'ambo

Alikuwa na tabia ya kufuta ubao kabla ya kuandika, hata kama ubao ulikuwa safi. Aliingia darasani, akaegemeza mwavuli wake nyuma ya mlango, akaitikia shikamoo za wanafunzi bila haraka, kisha akafuta. Siku moja nilimuuliza sababu. Akasema kila aliyeandika kabla yako huacha vumbi lake, na macho ya mtoto hayajui lipi ni neno na lipi ni vumbi. Sikuelewa kama alikuwa anazungumzia chaki au jambo jingine. Kwake mara nyingi ilikuwa hivyo.

Sote tulimwita Mwalimu wa Historia. Shule ilikuwa na walimu wengine waliowahi kufundisha somo hilo, lakini mtu akisema Mwalimu wa Historia, hata mama muuza ndizi pale njia panda alijua anatajwa nani. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Nilimkuta Old Moshi nilipotoka kwetu Mkuu, Rombo, nikiwa kijana mwenye cheti kipya cha kufundisha Kiswahili. Ilikuwa miaka ile wazazi wa mlimani walipochoka kusubiri nafasi chache za sekondari za serikali, wakaanza kujenga shule zao wenyewe. Kila kata ilikuwa na mchanga uliomwagwa kando ya barabara na kamati iliyokutana baada ya ibada. Yeye alikuwa amestaafu serikalini. Wengine wa umri wake walikuwa wanahangaika na ng'ombe wao wa maziwa, lakini yeye aliposikia shule ya wazazi imepata wanafunzi na haijapata mwalimu wa historia, alivaa mabuti yake ya mpira akapanda kilima.

Mabuti yale aliyavaa mwaka mzima. Akifika ofisini aliyavua, akayapanga chini ya dirisha, akatoa viatu vyeusi kwenye droo na kuvivaa kama mtu anayejiandaa kwenda kanisani. Alikuwa mrefu, mwembamba, na juu ya gauni alivaa sweta la kijani la mtumba ambalo viwiko vyake alivishona upya kila likizo. Aliogopa mbwa kuliko kitu chochote duniani. Mwanamke aliyeweza kumnyamazisha mkaguzi wa shule kwa kumtazama tu, alikuwa anazunguka njia ndefu ya kule kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa maji, ili asipite nyumba yenye mbwa.

Darasa lake na langu yalitenganishwa na ukuta wa mbao. Mbao zenyewe zilikuwa zimekauka na kuachana, kwa hiyo nilipowapa wanafunzi wangu insha waandike, nilikaa nikasikiliza ng'ambo ya ukuta. Nusu ya historia ninayoijua ilipitia kwenye nyufa zile.

"Msimvalishe babu yenu viatu vyenu," nilimsikia akisema katika wiki yangu ya kwanza, "kisha mkamcheka anavyotembea."

Darasa likacheka. Akawaacha wacheke, kisha akaendelea. "Lakini pia msimsingizie kwamba hakuwa na miguu."

Hayo mawili aliyashika pamoja miaka yote niliyomjua, na watu wengi walisikia nusu moja tu, ile waliyoitaka. Wanafunzi wenye hasira walidhani anawatetea wazee wa zamani. Wazee walidhani anawafundisha watoto kuwatukana. Yeye hakujisumbua kuwasahihisha wote. Alikuwa na msemo wake: kueleza si kutetea. Mwanafunzi aliyeandika kwenye mtihani kwamba watu wa kale walikuwa washenzi alikosa alama. Aliyeandika kwamba walikuwa malaika naye alikosa.

Kazi zake za nyumbani zilikuwa za ajabu. Hakuwapa maswali ya kitabuni. Aliwaambia waende kwa mzee mmoja, wamsalimie vizuri, wamsaidie kazi aliyonayo mkononi, ndipo waulize swali moja tu. Sio mawili. Alisema swali la pili huwa limetoka kwako, la kwanza ndilo linalotoka kwa mzee, na mimi hadi leo sijaelewa vizuri maana yake, ila nimeona kwamba ni kweli. "Aliyekufa hawezi kujitetea," aliwaambia, "kwa hiyo muulizeni kwa adabu. Lakini muulizeni."

Ajabu ni kwamba subira hiyo aliyowapa wafu, walio hai hakuwapa. Fundi mmoja wa mjini aliwahi kumharibia kola ya gauni, na kwa miaka yote hakukanyaga tena mtaa ule. Nilimwambia kwa utani kwamba angekuwa fundi huyo amekufa zamani, angalau angemsikiliza. Alinitazama kwa muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "wewe nawe unajifunza." Lakini kwa fundi hakurudi.

Vivyo hivyo na kahawa. Bei ilipoanguka, majirani waling'oa mibuni na kupanda nyanya na mahindi, wengine kwa machozi na wengine kwa hasira. Yeye aliiacha yake. Watu walisema amekwama zamani. Hata hivyo mtu akianza kulia mbele yake juu ya siku njema za zamani, wakati kahawa ilipokuwa dhahabu, alimkatiza na kumuuliza nani alikuwa anabeba magunia na nani alikuwa anapokea hela. Mwanamke gani, aliuliza, alikumbuka siku hizo kuwa njema? Nilipomuuliza basi kwa nini hang'oi, alisema mibuni ile ilimsomesha, na hawezi kumng'oa mwalimu wake akiwa hai.

Sasa niseme habari ya pango, maana bila hilo sitakuwa nimemweleza.

Chini ya shule kuna kijito. Upande wa shule ni upande wa ukoo wake yeye. Upande wa pili watu huita ng'ambo tu. Leo mtu anavuka kwa daraja la magogo, watoto wa pande zote wanasoma pamoja, wanaoana, wanazikana. Lakini ng'ambo ile, juu kidogo ya daraja, kuna kipande cha ardhi kisicholimwa. Asiyekijua Kilimanjaro hawezi kuelewa jambo hilo lina uzito gani. Mlimani kwetu ndugu wanapelekana mahakamani kwa sababu ya upana wa mgomba mmoja. Kipande cha ardhi kuachwa magugu miaka na miaka, katikati ya vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba, vilivyobanana, ni kama mtu kuacha sahani ya nyama mezani na watu wote wa nyumba wana njaa.

Hapo palikuwa na pango. Wazee wa ng'ambo walilichimba zamani za wamangi, watawala wetu wa jadi, kabla Wajerumani hawajajenga boma lao, wakati mangi wa huku na mangi wa kule walipokuwa wanavamiana kwa ajili ya ng'ombe na heshima. Mlango wake ulikuwa mwembamba, wa mtu mmoja kupita ameinama. Vita vikija, wanawake, watoto na wazee walijificha humo. Siku moja askari wa mangi wa upande wetu walivuka kijito, wakachukua ng'ombe, na walipogundua mlango wa pango wakarundika majani makavu ya migomba wakayawasha. Moshi uliingia ndani. Waliokuwemo hawakutoka.

Mimi mtu wa Rombo sikuwahi kuisikia habari hiyo. Upande wa shule haikusemwa. Ng'ambo ilisemwa chini chini. Wa kwanza kuisema kwa sauti shuleni alikuwa msichana wa kidato cha tatu aliyeitwa Aikande, mtoto wa ng'ambo, mwepesi wa maneno na mwepesi wa hasira.

Ulikuwa mwaka ule redio ilipotuletea kila jioni habari za mauaji katika nchi jirani. Watu walikula wamenyamaza. Katikati ya majonzi hayo kukawa na mdahalo wa shule, na mada iliyokuwa imechaguliwa mapema ilikuwa kwamba mangi yule wa zamani, aliyejenga mifongo mirefu na kuwakatalia wageni kodi, alikuwa shujaa. Mvulana mmoja alisimama akatetea vizuri. Alisema mangi aliwaunganisha watu, na hayo mengine yalikuwa desturi ya wakati ule.

Aikande akasimama. Alisema kama huyo ni shujaa, basi na hao tunaowasikia kwenye redio watakuwa mashujaa wajukuu zao wakisubiri vya kutosha. Akaeleza habari ya pango. Alisema mama wa bibi yake alikuwa mtoto mchanga siku ile, akaokolewa kwa sababu alikuwa amepelekwa kwa shangazi kijiji kingine. Walimu tuliangalia chini. Mwenyekiti wa mdahalo alikuwa mtoto wa watu, hakujua afanye nini, akamtazama Mwalimu wa Historia.

Aliinuka taratibu akaenda mbele. Kwanza alimgeukia yule mvulana.

"Umesema wakati ule. Wakati ni nani? Nionyeshe alipokaa. Wakati haukukusanya majani, wala haukuwasha moto. Waliwasha watu."

Kisha akamgeukia Aikande. "Na wewe umesema kweli. Lakini hujamaliza kazi yako. Mwaka uliotangulia, watu wa ng'ambo walivuka kuja huku?"

"Sijui, mwalimu."

"Walivuka. Walichukua ng'ombe na wasichana wawili. Mmoja wao hakurudi kwao hadi alipokufa. Uliza nyumbani kwenu alikuwa ameolewa na nani."

Msichana alitoka ukumbini akilia. Wengi wetu tulimwona Mwalimu wa Historia kuwa mkatili siku ile, na mimi nilimwambia hivyo ofisini alipokuwa anabadilisha viatu. Hakukasirika. Alisema mtu akishika upande mmoja tu wa jambo, ukija upepo unamwangusha nalo, naye hataki msichana yule aanguke kwa sababu amebeba kitu cha kweli. Siku chache baadaye Aikande alirudi. Alikuwa ameuliza. Yule msichana aliyechukuliwa alikuwa ameolewa na babu wa babu yake mwenyewe, kwa nguvu, na katika nyumba yao alikuwa akiitwa tu yule wa kule, yaani wa upande wa shule.

"Kwa hiyo tuko sawa?" Aikande alimuuliza. Nilikuwepo, nilikuwa nasahihisha daftari mezani kwangu.

"Nani amesema mko sawa? Kuiba ng'ombe na kumteka msichana ni uovu. Kuziba mlango kwa moto na watoto wako ndani ni uovu mwingine. Usivichanganye kwenye chungu kimoja ukavipika vikawa uji. Kila kimoja kiweke mahali pake, kisha vihesabu vyote."

Tangu hapo wawili hao waligombana kila wiki na hawakuachana.

Lakini siku ninayomkumbukia zaidi ni ya mkutano wa jina.

Shule yetu ilikuwa bado haina jina la kudumu. Iliitwa Sekondari ya Wazazi, kama nyingine nyingi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu wa upande wa Mwalimu wa Historia, mwenye malori, aliyeishi Dar es Salaam na kurudi kila Krismasi pamoja na Wachaga wengine wote, magari yakipanda kilima kwa foleni. Alikuwa mtu mwema. Bati za madarasa zilitoka kwake, na hakuwahi kudai heshima kwa ajili ya bati hizo. Alichotaka ni kimoja: shule iitwe kwa jina la mangi.

Mkutano ulifanyika nje, siku ya pili baada ya Krismasi, madawati yamepangwa kwenye nyasi. Watu wa ng'ambo walikuja pia, maana watoto wao walisoma hapo, ila walikaa nyuma. Mwenyekiti alizungumza vizuri. Alisema watoto wanakua bila kujua wametoka wapi, wanajua majina ya wanamuziki wa ng'ambo ya bahari na hawajui waliochimba mfongo unaowanywesha. Kisha, kwa kuwa habari za mdahalo zilikuwa zimemfikia, akasema, "Najua yapo yaliyotendeka. Vita vilikuwa vita. Ndugu zangu, tusiwahukumu wazee wetu kwa sheria za leo."

Watu wakapiga makofi. Wa nyuma hawakupiga.

Mwalimu wa Historia akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Kaka yake alikuwa amekaa safu ya mbele, na nilimwona akifumba macho.

"Mimi nakubaliana na mwenyekiti," alianza. Nikasikia watu wakishusha pumzi. "Tusiwahukumu kwa sheria za leo. Leo yenyewe haijui sheria zake. Tuwahukumu kwa sheria zao wenyewe."

Akaeleza alichoambiwa na bibi yake, na bibi yake aliambiwa na mama yake aliyekuwepo. Askari wa mangi waliporudi na ng'ombe, desturi ilikuwa wanawake watoke hadi njiani kuwapokea kwa nyimbo na vigelegele, na mbege, pombe yetu ya ndizi, iwe imeiva inawasubiri. Siku ile askari walifika na ng'ombe wengi kuliko siku zote. Habari ya moto ilikuwa imewatangulia, kwa sababu moshi ulionekana huku. Wanawake hawakutoka. Hakuna aliyekuwa amewakusanya wala kuwaagiza. Kila mmoja alibaki ndani ya nyumba yake na mlango umefungwa. Mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa walioshika vienge, alibeba chungu cha mbege aliyompikia mwanawe, akaimwaga yote kwenye mfongo, watu wakaiona ikipita na povu lake mbele ya vihamba vyao.

"Mwana huyo ni babu wa baba yangu," alisema. "Mama yule ni wetu pia. Hakuwa amesoma kitabu cha haki za binadamu. Hakukuwa na redio. Hakuna Mzungu wala mchungaji aliyekuwa amefika kumwambia lipi zuri na lipi baya. Alijua. Na waliokuwa ndani ya pango walijua, nao pia walikuwa watu wa wakati ule. Tunaposema desturi za zamani, kwa nini tunauliza waliowasha peke yao?"

Mtoto fulani alikuwa analia kule nyuma na mama yake alikuwa anambembeleza.

Mwenyekiti alisimama tena. Hakuwa amekasirika, alikuwa ameumia. "Mwalimu, unataka watoto wetu waone aibu?"

"Nataka wajue. Aibu au fahari watachagua wenyewe, wao si vipofu."

Ningependa kusema alishinda. Kamati ilikaa ndani, ikatoka, ikatangaza jina la mangi. Watu walikuwa wengi upande wetu kuliko wa nyuma, na bati zilikuwa juu ya vichwa vyetu. Wa ng'ambo wawili watatu waliwahamisha watoto wao. Wengine walibaki kwa sababu shule ilikuwa karibu.

Nilidhani ataondoka. Shule ilipofunguliwa alikuja na mabuti yake, akavaa viatu vyeusi, akaingia darasani akafuta ubao. Nilimuuliza vipi anaweza kufundisha chini ya jina lile. "Jina liko getini," alisema. "Mimi nafundisha ndani." Ng'ambo kulikuwa na watu waliomlaumu kwa hilo, na sioni kwamba walikosea kabisa. Upande wake walimlaumu zaidi. Kaka yake, ambaye vihamba vyao vilipakana, aliacha kumsalimia. Ilipofika zamu ya Mwalimu ya maji ya mfongo alikuta yamefungwa juu, tena na tena, na hakuna aliyejua nani ameyafunga. Alibeba maji kwa ndoo. Hakumlalamikia mtu. Mwaka mmoja kaka huyo alipougua tumbo na wanawe wote wako mijini, ni yeye aliyempelekea mtori, ile supu yetu ya ndizi, asubuhi na jioni. Alipopona maji yakarudi. Habari ya pango hawakuizungumza kamwe.

Na kila mwaka, mvua za vuli zikikaribia kuisha, aliwachukua kidato cha pili, akawavusha kijito. Kwanza aliwaonyesha mfongo aliouchimbisha mangi, akawasifia kazi ile kwa moyo wote, vipimo vyake na werevu wake, kwa kuwa aliupenda kweli. Kisha aliwapeleka kwenye kile kipande cha magugu. Mara ya kwanza wenyeji wa ng'ambo walisimama mbali wakitazama. Mwaka uliofuata mzee mmoja alikuja akasimama karibu. Baadaye walileta viti. Mwenyekiti mwenye malori alikuja pia mwaka mmoja, Krismasi ilipokuwa haijafika bado, bila gari, amevaa shati la kawaida. Alisikiliza hadi mwisho. Jina halikubadilishwa, lakini tangu siku hiyo katika hotuba zake aliacha kusema vita vilikuwa vita.

Aikande alisoma akawa mwalimu wa historia yeye mwenyewe. Anasema hadi leo kwamba Mwalimu wetu alikuwa mlegevu mno kwa mangi. Mwalimu alikuwa akisikia hivyo anacheka hadi anafuta machozi.

Sijasema habari ya fimbo. Waliosoma kwake watakaposoma haya watashangaa nimefika hapa bila kuitaja. Alichapa. Walimu wote tulichapa, lakini yeye alichapa kwa utaratibu wake, hasa kwa kosa la kuchelewa, mikononi, kimya kimya, wala hakuwa na hasira. Wazazi walimsifu kwa hilo. Hakuna mtu aliyefikiri lilikuwa jambo la kusemwa.

Mara ya mwisho nilipomwona akiwa na nguvu za kutembea nilikuwa nimemsindikiza hospitali ya Mawenzi kwa ajili ya macho, tukarudi kwake mchana. Kwenye benchi la nje Elibariki alikuwa anatusubiri, mwanafunzi wa miaka ile ya kwanza, mtoto wa ng'ambo. Alikuwa sasa kiongozi wa watalii wapandao mlima, mtu wa mabega mapana, ana watoto. Alikuwa ameleta mkate na sukari.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Elibariki. Umenenepa."

Tukakaa. Alizungumza habari za mlima na za wanawe, kisha akasema lile ambalo kila mtu mzima wa kwetu humwambia mwalimu wake wa zamani. "Mwalimu, nimekuja kushukuru. Fimbo zako ndizo zilizonifanya mtu. Watoto wa leo wanadekezwa, eti kuchapa ni ukatili. Wakati wetu ilikuwa kawaida."

Mimi nilicheka, kama inavyopasa. Mwalimu hakucheka. Alimgeuzia macho yale yaliyokuwa yanaona nusu.

"Nilipokuchapa, ulilia?"

"Ah, mwalimu, yamepita hayo."

"Ulilia?"

"Nililia."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na minne, nadhani."

"Na mimi nilikuwa nimesimama mbele yako, nakuona unalia. Usinishukuru kwa hilo. Nishukuru kwa mengine, kama yapo."

Elibariki alijaribu kupinga. Alisema shule zote zilifanya hivyo, mbona hata nyumbani. Lakini Mwalimu alikuwa ameshainuka. Alikwenda polepole hadi mpakani mwa kihamba, mahali ilipooteshwa isale kama ilivyo kwenye mipaka yetu yote, akapapasa, akachuma jani moja refu, akalifunga fundo katikati. Kila mtu wa mlimani anajua maana yake. Aliyekosa humletea aliyekosewa isale, na anayepewa hakatai. Ila nilikuwa sijawahi kuona mzee akimletea kijana, wala mwalimu akimletea mwanafunzi. Nadhani Elibariki naye hakuwahi. Alisimama mikono ikiwa imening'inia, yule mtu mkubwa, hajui aiweke wapi.

Mwalimu wa Historia alimpa kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Elibariki akalipokea.

Alikaa tena kwenye benchi, jani likiwa mapajani. Kisha akaanza kwa sauti ya chini, akitazama udongo. "Siku ile ya mvua kubwa, mwalimu, sikuchelewa kwa uvivu. Mama alikuwa ameteleza kwenye daraja na mzigo wa majani ya ng'ombe, na mimi ndiye niliyekuwa naye."

"Sema," Mwalimu akamwambia. "Nasikiliza."

Niliingia ndani kuchemsha chai. Nilipotoka na vikombe Elibariki alikuwa bado anaeleza, na Mwalimu alikuwa ameinama kuelekea kwake, hajamkatiza hata mara moja.